Ngozi Nyembamba

Tudor, ghorofa ya tatu, saa nne na dakika kumi usiku.
Feni inazungusha joto lile lile.
Mimi Mwanakheri, mchana kutwa karani wa makontena,
sasa ni nahodha wa manowari ya Kiingereza,
kruza nyepesi, mizinga kumi na miwili,
ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu.

Meli hii haitaki ushujaa.
Nilizama mara sitini na tatu ndipo nikaelewa:
usimpe adui ubavu,
piga, tema moshi, jifiche humo,
piga tena.
Ukijitia jeuri mbele ya zile nzito
kombora moja laingilia jikoni
latokea kwa nahodha.

Wenzangu kikosini hawanijui sura.
Mmoja yuko Manila, mmoja asema Peru,
na Shali wa Likoni, ambaye mtandao wake
humfikisha vitani vita vikiwa nusu.

Kabla ya pambano huizungusha meli kwa kipanya,
huikaribia hadi pua iguse kioo.
Waliochora hawakusahau kitu:
kila ribiti, kila mnyororo,
kutu chini ya tundu la nanga,
hata bendera yajua upepo watoka wapi.
Sitaha tupu.
Hakuna hata mtu wa kukohoa.

Babu Bwanaheri, mzaa mama, mwaka wa arobaini na mbili
alining'inia ubavuni mwa meli kama hii, Kilindini,
ubao mmoja na kamba mbili,
akikwangua kutu na rangi kuukuu
kwa ujira ambao mama hautaji bila kusonya.
Hakumjua nahodha. Hakujua meli yaenda wapi.
Aliujua ubavu, bati kwa bati,
ubavu ule ule ninaokatazwa kuuonyesha.

Kikwangulio alichoondoka nacho
(hakuiba, alisema, alisahau kukirudisha)
kipo jikoni mpaka leo.
Mpini umebadilishwa mara mbili.

Leo nimeingia vizuri. Kisiwa kushoto, moshi,
nimemwasha adui moto mara tatu,
Shali ananipigia kelele masikioni: usitoke, usitoke humo!
Moshi waanza kuchanika,
nageuza usukani,
na tokeni za stima zikaisha.

Feni ikazunguka, ikazunguka, mpaka ikakumbuka kusimama.
Mahali fulani meli yaenda bila mimi,
nusu mwendo, imenyooka, ubavu wazi,
na anayeilenga hajui kwamba hamna mtu ndani.
Hamkuwa na mtu tangu mwanzo.

"Mwanakheri! Ndoo unimulikie,
samaki wa daku hawa, nusu bado wana magamba."

Nikawasha tochi ya simu.
Kile chuma kikapita, krr, krr, ubavuni mwa changu.
Mama hakuniuliza nilikuwa wapi.
Alinipa kile kikwangulio, akanawa, akaenda kuswali,
nami nikamaliza samaki watatu,
kisha nikazibonyeza tarakimu ishirini za tokeni
kwa kidole kinachonuka shombo,
nikikosea, nikianza upya.