Saa ya Maji

Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za kikao kile,
kwa hiyo najua kilichoachwa nje.

Ilikuwa Februari, Lawra, vumbi la harmatani
limetanda mezani kama mjumbe wa kudumu.
Skolastika Kuuire, aliyefundisha falsafa kule Wa
hadi mishahara ilipokatika,
aliingia na kopo la maziwa ya unga
lililotobolewa kitakoni kwa msumari.
"Athene ya kale," alisema, "msemaji alipimiwa maji.
Yakiisha, anakaa.
Awe tajiri, awe mfinyanzi, anakaa."
Akalijaza kutoka ndoo aliyoileta kichwani
maili mbili na ushee,
akalipachika juu ya matofali, ukingoni mwa meza.

Mheshimiwa Dapilaa, Mkuu wa Wilaya, akacheka.
Akasimama.

Salamu: kopo zima.
Msaidizi wake akalijaza tena, hakuna aliyemzuia.
Shukrani kwa Mungu, kwa chama,
kwa machifu waliopo na walio njiani:
kopo la pili.
Maendeleo ni mchakato: la tatu.
Na suala la pampu, ndugu zangu, liko mezani:
la nne,
na mezani palikuwa na vumbi
na maji yetu yakienda zake.

Maji yakimwagika hayazoleki, husemwa.
Domitila Bayor hakuyasikia hayo, au aliyapuuza.
Hakuwa amepewa kiti.
Alisogea kwa magoti na beseni la bluu,
akalikinga chini ya kopo.
Mlio ukabadilika ghafla:
tone la sakafuni hufa kimya,
tone la besenini hutoa ushahidi.

Kisha akauliza, bila kunyoosha mkono,
"Na huko kwenu Athene, Mwalimu,
maji ya kupimia maneno alichota nani?"

Skolastika alivua miwani.
Namkumbuka vile: kitambaa, kioo, kitambaa.
"Watumwa," akasema.
"Na wanawake, kwenye chemchemi, kabla hakujapambazuka."
"Walisemaje kikaoni?"
"Hawakuingia."

Hapo kalamu yangu ilisimama.
Miaka mitatu alikuwa ametupigia hesabu ya mji ule:
jinsi walivyopiga kura ya bahati kupata wasimamizi,
jinsi kila aliyetoka madarakani
alifungua daftari lake mbele ya yeyote mwenye swali.
Nasi tulimeza, kama watoto wa misheni
walivyomeza majina yetu haya ya Kilatini.

Domitila akainuka. Magoti meupe kwa vumbi.
Akalijaza kopo kwa yale yale ya besenini,
maji yaliyokwisha kusemewa mara moja,
akasubiri tone la kwanza lidondoke.

"Sedi elfu arobaini za pampu
zilisainiwa mwezi wa sita.
Nani alizishika mwisho?"

Akakaa chini.

Kopo lilikuwa limejaa karibu pomoni.
Hapakuwa na kanuni kwa jambo hilo;
hata Skolastika hakuijua.
Maji yalikuwa yake, na alikuwa amemaliza,
na yaliendelea kutiririka
katikati ya watu wazima thelathini na wawili.
Mheshimiwa alitazama simu. Akatazama dari.
Msaidizi alinyoosha mkono kulifunika tundu kwa kidole,
akaona tunavyomwangalia,
akaurudisha mfukoni.

Unaandikaje kitu kama hicho?
Katika nakala iliyokwenda Wa niliweka:
*Swali liliulizwa. Mjadala uliendelea.*
Katika hii ninayobaki nayo nimeandika
dakika kumi na moja, na kwamba nilihesabu.

Pampu? Msiniulize mimi, mimi ni karani.
Kuna fundi alikuja, akapima, akaondoka na mnyororo.

Ila najua beseni lilikoenda.
Jioni Domitila alilipikia uji wa mtama,
na nilipopita aliniita, akanipa bakuli.
"Hotuba nzima ya Mkuu wa Wilaya," alisema,
"imetosha sufuria moja na nusu.
Kula. Ina mchanga kidogo."