Kilo Ngapi?

Neno hilo ulilikuta ghalani,
uliponing'inizwa msimu mzima juu ya mizani
ya chama cha msingi, hapa Newala,
ukungu ukiingia bila hodi.
"Kilo ngapi? Kilo ngapi?"
Wakulima wakacheka, wakakurushia korosho.

Leo nakujibu, Chitumbo:
mia sita na kumi. Gramu.
Ulikuja na mia nne na hamsini
ndani ya tenga la mjomba Nampoto, kutoka Kigoma,
mkia mwekundu kama mawese ya kwenu.

Bwana mifugo alikupuliza manyoya ya kifua
yakafunguka, akanionyesha ngozi.
Chini yake njano,
kama samli iliyoganda kwenye kopo.
"Na ini," akasema, "huenda limevaa koti hilohilo."
Kisha akauliza unakula nini.
Nikatazama pembeni.

Mama hubangua korosho barazani.
Mafuta ya ganda yamemla vidole,
yamemvua ngozi mara ngapi sijui,
hata alama za dole gumba hana:
siku ya vitambulisho mashine ilimkataa.
Lakini kila kiini kinachotoka kizima, cheupe,
anakupenyezea wewe kati ya waya.
Sisi wanawe tulikua kwa vipande.
Nilikuonea wivu, ndege. Nisiseme uongo.

"Porini wanakula mafuta," mama anabisha.
"Chikichi ni nini, maji?
Manyoya yatang'aa kwa mchicha mtupu?"
Na hakosei.
Bwana mifugo mwenyewe alionya: usimnyime kabisa,
bila mafuta ngozi hukauka, bawa hupauka.
Ila wa porini hulipia kila chikichi kwa mabawa,
anga nzima kabla ya tonge.
Wewe safari yako ni kijiti hadi bakuli,
hatua tatu,
na ya tatu unahema.

Tulinuniana siku mbili, mimi na mama,
ndipo tukapatana:
korosho moja, Ijumaa, isiyokaangwa, isiyo na chumvi.
Siku nyingine mbaazi zilizochipua, boga,
papai, pilipili nyekundu ambayo wewe haikuwashi.
Vitumbua vya Bi Somoe, marufuku.
Parachichi la jirani, hata kwa kuonja, hapana,
lile kwenu ni sumu.

Siku ya kwanza ulipindua bakuli.
Siku ya pili ulinitukana kwa sauti ya karani wa ghala,
tusi zima, halikupungua herufi.
Sikumbuki ya tatu.
Wiki ilipokwisha nikakukuta na mbaazi moja,
umeishika kwa mguu, unaigeuza
kama mkulima na stakabadhi asiyoiamini.
Ukaiuma. Ukaitema. Ukaiinamia tena.

Jumatano nilirudi mapema kutoka bombani, ndoo tupu,
maji hayakutoka.
Mama alikuwa amesimama kwenye kizimba
na kiini kizima kiganjani.
Alinitazama. Sikusema kitu.
Akakivunja kwa vidole vyake vile vyeusi,
sijawahi kumwona akivunja kizima kwa kusudi,
nusu akakupa wewe,
nusu akanipa mimi.

Nawe, mdomo umejaa:
"Kilo ngapi?"