Sifuri ya Lugano

Fomu ilitoka wilayani Jumatatu,
imekunjwa mara nne, ina alama ya kikombe cha mtu.
"Andika kazi utakayofanya ukiwa mkubwa."
Mstari mmoja tu, mfupi kama kidole gumba.

Watoto hamsini na watatu, Tukuyu, darasa la sita,
masweta yamelowa mabegani,
penseli zinakwaruza kama kuku kwenye pumba.
Nikakusanya, nikahesabu:
madaktari thelathini na wanne,
marubani tisa (hakuna aliyewahi kuona ndege iliyotua),
wanajeshi saba, mbunge mmoja,
na mmoja ameandika "bosi" bila kusema wa nini.

Na Lugano Mwaisumo, dawati la nyuma, penye dirisha bovu,
ameandika: Sijui.
Herufi nzuri, zimesimama wima.
Nikampa sifuri. Nyekundu. Nikaizungushia duara
kama mtu anayefunga mbuzi.

Usiku mvua ikanigongea bati.
Tangu lini fomu ikasahihishwa, Mwalimu Sanga?
Wewe mwenyewe, Mkinga wa Makete,
baba alishakujengea kibanda cha duka,
kaunta ameipima kwa urefu wa mikono yako.
Chaki uliijuaje?
Hukuijua. Ulimwona mtu ameishika, basi.

Ijumaa nikawatoa nje ya geti, wawili wawili,
miavuli minane kwa watu hamsini na wanne.

Hospitalini madaktari wangu walinusa dawa,
watano wakaomba kwenda nje.
Subilaga alibaki mlangoni kwa fundi wa mashine za oksijeni,
anamshikia tochi. Hakuombwa.

Kiwandani, Dada Atupele amepanga vikombe ishirini.
Anavuta chai kwa kijiko, fyuuu,
anaizungusha mdomoni, anatema kwenye ndoo.
"Hii ilichelewa kukaushwa. Hii ilichumwa na mtu mwenye haraka."
Darasa likavunjika mbavu.
Tusajigwe, rubani wa tatu kwenye orodha yangu, akauliza:
"Unalipwa kwa kutema?"
"Nalipwa kwa kukumbuka," akasema, akafuta midomo.

Kituo cha hali ya hewa tulikifikia Jumatatu, saa tatu kamili.
Bi Gwantwa, buti za mpira, funguo kiunoni,
anafungua uzio, anainua mtungi wa bati,
anamimina mvua ya jana kwenye glasi nyembamba
na kuinama mpaka jicho lake lilingane na maji.
"Ishirini na sita nukta nne."
Anaandika. Kazi imekwisha.
Miaka kumi na tisa, Pasaka na Krismasi;
hata asubuhi ya kumzika mama yake alipita hapa kwanza.

Wenzake walishachoka, wanarushiana maparachichi machanga.
Lugano akasogea.
"Kumbe mvua huandikwa?"
"Huandikwa."
"Hata ya siku niliyozaliwa?"
Bi Gwantwa akamtazama, akauliza tarehe,
akaingia ndani, akatoka na daftari lenye harufu ya panya,
mwandiko wake mwenyewe, wa enzi za ujana.
"Milimita tatu," akamwonyesha kwa ukucha. "Manyunyu."
Mtoto akaligusa lile tatu
kama mtu anayegusa kitovu chake.

Mimi nilinyamaza. Kila neno nililokuwa nalo lilikuwa na vumbi la chaki.

Fomu bado ninazo. Wilayani wamepiga simu mara mbili.
Tusajigwe bado ni rubani, na aruke.
Subilaga amefuta "daktari", hajaandika kitu,
karatasi imetoboka.

Na leo asubuhi, nyuma ya vyoo vya shule,
nimekuta kopo la siagi juu ya kisiki,
rula imesimama ndani, imefungwa kwa uzi wa sweta.
Ukutani, chini ya upenu, kwa mkaa:
11
4
0
19
Ile sifuri ni ya Alhamisi, siku ya jua.
Ameizungushia duara.