Nusu ya Pombe

Togwa ya Bi Kasanda huisha kabla jua halijakomaa.
Ndoo ya lita ishirini, bado vuguvugu,
mfuniko umekazwa kwa kipande cha kitenge.
"Yangu nimemaliza," husema. "Iliyobaki ni yako."
Mtama aliuloweka yeye, akauotesha juu ya magunia,
akauanika, akausaga, akaupika kwa kuni za mtundu
mpaka macho yakamwiva.
Mimi nanunua nusu ya pombe kwa elfu kumi na mbili.
Nusu nyingine najidai naijua.

Niliifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tairi,
nikaikokota toka Ipuli hadi Isevya,
ikiguna ndani ya ndoo kila penye shimo.

Nyumbani nilijiandaa kama wodini.
Meza nikaifuta kwa Jiki. Kata nikaichemsha.
Mrija wa dripu, mpya, nimeutoa kwenye karatasi yake:
ncha moja mfunikoni, nikaiziba kwa nta ya nyuki,
ncha nyingine ndani ya chupa ya maji,
pumzi itoke, inzi asiingie.
Na mwiko wa mama,
uliolala darini miaka saba, mweusi,
una ukoko wa pombe za harusi
ambazo maharusi wenyewe wameshakufa,
nikausugua kwa mchanga na sabuni,
nikauchemsha dakika ishirini kwa saa.
Ukatoka mweupe kama mfupa.
Nikakoroga.

Siku ya kwanza, chupa kimya.
Siku ya pili, kimya.
Ya tatu nikafunua: harufu ya matapishi ya mtoto.
Nguruwe wa jirani hakulalamika.

"Mwiko uliuosha?" Bi Kasanda akaniuliza.
Niliuosha.
"Kwa sabuni?"
Na Jiki.
Akavuta kigoda, akakaa, akanitazama
kama ninavyowatazama wanaoleta mgonjwa siku ya tisa.
"Nyanzala. Chachu ilikuwa humo.
Umemwosha mama yako, ukammwaga uani."

Miaka kumi na minane ninanawa mikono.
Nimefundishwa kwamba kisichoonekana kinaua,
na kweli kinaua, nimewafunika wengi.
Hakuna aliyeniambia
kwamba kisichoonekana pia hukaa kwenye mti,
kikasubiri darini, bila kula,
kiitwe tena kazini.

Bi Kasanda akazunguka nyuma ya nyumba.
Nilisikia anakwangua chungu.
Akarudi na kikombe cha bati, mashapo mazito, rangi ya udongo wa kichuguu.
"Mwaka ule mahindi yalipokataa,
mmoja wetu alikwenda kwa mwenzake na kikombe hiki.
Kama ni mimi, kama ni Milembe, sikumbuki.
Tuliazimana mno. Hata ugomvi tuliazimana."
Kisha akanyoosha mkono,
maana togwa ya pili si msaada:
elfu kumi na mbili.

Nikamimina. Nikakoroga kwa mwiko ule ule,
mweupe, mwenye aibu.
Nikafunika ndoo kwa blanketi langu, mimi nikajifunika khanga.

Saa tano usiku treni ya Mpanda ikapiga honi,
na honi ilipokwisha,
ndani ya chupa, kitu kikasema: *blu*.
Nikadhani ni panya.
*Blu.*

Nikakaa sakafuni na saa yangu ya kifuani.
Mapovu manne kwa dakika.
Nikachemsha chai, nikasahau kuinywa.
Tisa.
Kufikia alfajiri, kumi na manne, hayapishani,
nikachukua karatasi ya dawa nikaandika, kwa mazoea tu:
Jina, Milembe. Joto, la kawaida. Hali, anapumua.

Zamuni nilichelewa.
Daktari alisogea, akanusa, akanyamaza.
Mwiko nimeuacha ndani ya ndoo.
Ukitoka, utakwenda darini na uchafu wake.