Akiba ya Mshono

Jumamosi, barabara ya kumi na mbili, Ngamiani.
Cherehani nimeifunika kanga.
Gauni la bi harusi wa Makorora litasubiri,
leo nakanda.

Unga vikombe viwili. Nilitaka vitatu.
Mkono ulishafika kwenye kopo
nikamkumbuka nesi Shelukindo, kliniki ya Bombo,
alivyoandika tisini na moja kwenye kadi yangu
kisha akaifunika kalamu taratibu
kama mtu anayefunga mlango asimwamshe mtoto.
Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Alinionyesha picha ya sahani ukutani:
nusu mboga, robo wanga, robo kitoweo.
Nikamuuliza, na pilau linakaa wapi hapa?
Akacheka mpaka akavua miwani.
Hakujibu.

Hamira imeitika. Unga unapumua chini ya kitambaa,
unajaa, unajaa, na hakuna anayeupima.
Sisi tukijaa, mtaa mzima una habari.

Mambo ya piza kayaleta Semeni, binti yangu,
kutoka chuo cha hoteli.
Oveni hatuna. Tuna sufuria na mchanga
na mfuniko wa bati wa kupalia makaa,
moto juu, moto chini,
kama mama alivyouoka mkate wa sinia.

Nyanya za Mgandini nimezipika na kitunguu saumu zikalegea.
Halafu kwa ncha ya kisu nikachora sahani ya nesi:
nusu mchicha na hoho,
robo pweza, aliyepondwa tangu alfajiri,
robo nikaiacha tupu, hiyo ya wanga.
Semeni akasema, mama, wanga uko chini ya vyote.
Nikatazama. Kweli.
Umelala kimya chini ya mboga
kama mpangaji anayedaiwa kodi.

Jibini limeshuka na basi la Lushoto, ndani ya gazeti.
Nikakwangua kiasi cha kiganja.
Singano akapita nyuma yangu, akaongeza kiganja chake.
Kiganja cha Singano ni cha fundi baiskeli.
Nilimwona. Sikumwona.

Miaka thelathini nazungusha futi viunoni mwa watu.
Nawajua wanaovuta pumzi ndani namba ikikaribia.
Namjua anayesema, andika thelathini na sita,
na futi inasema arobaini na moja.
Sibishani. Naandika thelathini na sita,
nashona arobaini na moja,
na ndani ya mshono naacha vidole viwili vya kitambaa,
akiba,
mwenye gauni hajui.

Mfuniko ulipoinuliwa harufu ikavuka ua.
Bi Mwanasiti akakohoa upande wa pili wa ukuta,
kikohozi cha mtu asiyeumwa.
Vipande vinane: kimoja chake, viwili Semeni,
vitatu Singano, viwili vyangu.
Ndivyo tulivyopatana, mimi na kadi.

Cha kwanza nilikila kama nimekiiba.
Cha pili nikakaa nacho.
Ukingo ulivunjika, ukanuka moshi;
jibini likavutika, uzi mrefu toka mdomoni hadi mkononi,
nikaukata kwa meno
nilivyozoea.

Singano akasukuma kipande chake cha mwisho katikati.
Nimeshiba, akasema.
Singano hajawahi kushiba.
Nikakifunikia sahani, nikainuka.

Usiku nimejipima, mlango umefungwa,
pumzi nimeiacha nje.
Futi imepungua nusu inchi, au nimeishika vibaya.
Nimekata kitambaa changu cha Idi kwa namba hiyo hiyo,
nikaongeza vidole viwili kila upande,
sijui ni vya kutoka au vya kurudi.

Jikoni sahani imelia.
Nimezima taa, nimesikiliza.
Anatafuna polepole, mume wangu,
asinisikizishe.