Ubao Haumjui Mgeni

Feni inazunguka. Hilo ndilo linaloniudhi.
Ingekuwa imekufa kabisa ningejua pa kuanzia.
Lakini inazunguka, taa ya kijani inawaka,
na kioo ni cheusi tii.

Bi Nyamizi amekaa kwenye kiti cha wateja,
mkoba magotini, hasemi kitu.
Mitihani ya shule tatu za Ng'ambo imo humo ndani,
na prosesa mpya nilimshauri mimi:
"Mama, kasi yake hutaiamini."
Kweli, haamini.

Nimeanza na ya kawaida.
Nimechomoa ramu, nikazisugua meno kwa raba ya mwanafunzi,
nikarudisha moja, nikabadili tundu, nikajaribu ya pili.
Nimetoa betri, ile bapa kama sarafu,
nikahesabu dakika kumi huku nje muuza asali
akiapa kwamba haijatiwa maji.
Nimekagua waya wa pini nne,
ule ambao fundi husahau
kisha akakana kuwa alisahau.
Upo. Umekaa.
Nimeng'oa kipoza, nikafuta grisi,
nikainua prosesa kwa kucha mbili chini ya tochi ya simu:
pini zote wima, safu kwa safu,
hakuna iliyolala.

Ingelia mara tatu ningesema ramu.
Ingelia mfululizo ningesema umeme.
Bubu ni mgonjwa wa kukutia aibu mbele ya watu.

"Fundi, si itakuwa feki?" anauliza Mahona, kijana wangu.
Namwambia ashike bisibisi anyamaze.
Na mimi nilishawaza hivyo tangu saa nne.

Stesheni wanapanga mabehewa; chuma kinagonga chuma.
Baba alifanya kazi pale. Alikuwa akisema
dereva mgeni hapewi njia peke yake,
hukalishwa kando ya yule anayeijua,
Usoke, Urambo, hadi Kaliua,
aonyeshwe kila kona,
ndipo akabidhiwe usukani.

Nimesimama na bisibisi mkononi kama mjinga.

Ubao huu una umri kuliko hii prosesa.
Tundu linaifaa, pini zinaingia,
ila bayosi, lile daftari la mahudhurio
linalosomwa kabla ya yote,
jina hili halina.
Mgeni yuko darasani, haitwi,
na asiyeitwa hajibu.

"Ya zamani tuliitupa wapi?"
Mahona anatazama pipa la taka.
Bi Nyamizi anafungua mkoba,
anatoa kiberiti kitupu,
anakisukuma mezani kwa kidole.
Imelala ndani, juu ya pamba.
"Niliinunua kwa hela yangu," anasema.

Naipachika. Kioo kinawaka, kizito, kama mtu aliyeamshwa.
Nachomeka flashi yenye bayosi mpya.
Sasa ni dakika nne, na dakika hizi si zangu, ni za Tanesco:
umeme ukiyumba katikati, daftari linafutika,
na ubao unabaki kuwa trei ya kuwekea vikombe.
"Kimbia kwa Kashindye, mwambie asichomelee kitu!"
Mlio wa geti lake unakatika.
Anakuja kusimama mlangoni, barakoa ya chuma kichwani,
kutazama mstari wa bluu ukitambaa.
Asilimia sitini. Taa ya dari inakonyeza.
Hakuna anayemeza mate.
Themanini.
Tisini na moja, inakaa hapo, inakaa, jamani inakaa.
Mia.

Nazima. Natoa ya zamani, naweka mpya, grisi kiasi cha punje ya mchele.
Nawasha.
Kioo kinaandika jina la mgeni, herufi zote, bila kukosea.
Kashindye anasema, "Haya, mimi nina geti la watu," anaondoka.

Ya zamani inarudi kwenye kiberiti, kiberiti mkobani.
Kuhusu kasi hatuzungumzi.
Karatasi ya kwanza inatoka ya moto,
Sayansi, Darasa la Tano.
Bi Nyamizi anavaa miwani,
anasoma swali la kwanza, anakunja uso:
"Mapafu" imeandikwa "mafapu".
Anavuta kiti karibu na mashine.
"Sogea, fundi."