Kidole cha Kumi na Saba

Hewani: gramu kumi na tano, nukta sifuri mbili.
Majini: kumi na mbili, nukta tisa nane.
Zoya Arkadyevna haandiki. Kuna kiputo
kimeng'ang'ania ukingo wa kipande, na kiputo ni mwongo,
humfanya mzito aonekane mwepesi.
Tunangoja.

Narva, Januari, saa mbili asubuhi na nje bado usiku.
Mto umeganda kingoni tu; katikati unapita,
na ng'ambo, ambako ni nchi nyingine,
taa ya jikoni kwa dada yake imewaka.

Siku yangu ya kwanza nilimwuliza humu mna nini.
Alihesabu kwa vidole. Vyake tisa, akaazima vinane vyangu.
"Neodimi wawili. Wageni wa gharama; wakishaelekea upande
hawageuki, hata uwabembeleze.
Chuma kumi na wanne: hao ndio zamu ya usiku, ndio nguvu.
Na huyu," akanibana kidole gumba, "boroni. Mmoja.
Katika kilo nzima ni gramu kumi tu.
Mtoe uone: nyumba yote inahama vyumba,
unabaki na chuma ghali."

Kidole chake cha kumi kilibaki kati ya sumaku mbili
zilizokutana bila kumwuliza.
Ndiyo maana anaipenda meza hii. Vipande vinavyofika hapa
havijapitia kwenye koili, havijajua kuvuta.
Ni uzito tu: unga uliobanwa, ukachomwa, ukakaza.
Saba na nusu kwa kila sentimita ya ujazo, pitisha.
Saba na nukta tatu, kuna matundu ndani; rudisha.

Mchana mmoja wa uchovu aliizamisha humu pete yake ya ndoa.
Kumi, nukta nne.
Dhahabu aliyoiapia Valeri ingefika kumi na tatu.
"Kumbe fedha iliyopakwa," akasema,
akaifuta kwa aproni, akaivaa.
Miaka thelathini na mmoja, na mpako
haujachubuka popote.

Kiputo kinaachia. Kinapanda bila haraka.
Kumi na tatu, nukta sifuri mbili.
Anaandika, anaupuliza wino,
ananinyoshea mkono bila kunitazama:

"Kingine."